Siku moja na F: chanzo cha mkondo kinachofuata mkondo mwingine

Saa 2 asubuhi. Kazi ya leo ni mita ya umeme wa nyumba inayopima kwa klampu ya SCT-013-000, kihisi cha mkondo kinachobana waya kwa nje. Klampu hii hugawa mkondo kwa 2000: ampea 100 kwenye waya mkuu, miliampea 50 kwenye waya wake mwembamba. Ndani ya LTspice, programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta, chanzo F (kinachotoa mkondo unaofuata mkondo mwingine) kinatosha kuiwakilisha.

Saa 3. F haisomi mkondo wa waya wala wa rezista, inasoma wa chanzo cha volti tu. Basi napachika chanzo cha volti 0 njiani mwa mkondo, kiwe ampmita:

V1 in 0 SINE(0 325 50)
R1 in a 23
Vs a 0 0
F1 mid out Vs 0.0005
Rb out mid 33

Mzigo wa omu 23 unavuta ampea 10. Kilele chake ni ampea 14.1, hivyo kwenye Rb, rezista inayogeuza mkondo wa klampu kuwa volti, natarajia volti 0.233. Kwa ampea 100 kilele kinafika 2.33, bado ndani ya volti 2.5 zilizopo juu na chini ya mid.

Saa 5. Hiyo mid ni nodi (maungio ya waya) yenye nusu ya volti 5: rezista mbili za 10k na kapasita ya mikrofaradi 10. Ukifunga F kwenye 0 (ardhi) badala ya mid, mkondo wote unarudi kupitia kapasita, ambayo kwa Hz 50 ina omu 318 hivi, na mid inayumba zaidi ya volti 2 juu na chini. Rb yenyewe itaonekana salama, ndiyo maana kosa hili hujificha.

Saa 8 mchana. Grafu ikitoka kichwa chini, badilisha nodi za F. Mkondo wake huingia nodi ya kwanza na kutokea ya pili.

Saa 9. Ukitaka kuuwekea mkondo kikomo, tumia chanzo B, ambacho mkondo wake unauandika kwa fomula: I=limit(0.0005*I(Vs),-80m,80m). Tahadhari kubwa iko hapa. LTspice inakubali hata I(R1), na kwenye .tran (uchambuzi wa muda) majibu yanapendeza, ila kwenye .AC (uchambuzi wa masafa) mkondo huo unahesabiwa sifuri. Andika I(Vs).

Saa 10. Natoa Rb kwa makusudi. F inalazimisha mkondo usio na pa kupita, kwa hiyo ni ujumbe wa kosa au volti za ajabu. Klampu halisi nayo isiachwe wazi waya ukiwa na mzigo. Lakini F haijui kujaa kwa kiini (chuma cha sumaku ndani ya klampu) wala kuchelewa kwa wimbi. Hayo yanapimwa mezani; kuchelewa kunapimwa kwa birika la umeme, kwa kuwa mkondo wake hupanda na kushuka sambamba na volti.