Pweza wa nazi, kopo la plastiki na mimba ya wifi yangu

Jumapili nilikua Mikindani kwa kaka, wifi yangu ana mimba ya miezi sita, mtoto wao akatumwa mchuzi wa pweza wa nazi akarudi nao kwenye kopo la plastiki, wa moto hadi kopo limelegea, mafuta yanaelea juu. Roho ikaniuma. Nikamwambia wifi naomba kuanzia leo mtoto aende na sufuria. Mama akadakia, "Mwanangu, mbona nyie wote mmelelewa hivi hivi na mko wazima?"

Sikubishana na mama, ila wifi nilimkalisha nikamwelezea maana hili jambo linanikosesha usingizi. Kuna kemikali zinaingilia homoni zetu, kama bisfenoli A iliyopo kwenye baadhi ya plastiki ngumu na ndani ya makopo ya bati ya chakula, na thaleti zinazolainisha plastiki, na zikikutana na moto na mafuta zinatoka kirahisi kuingia kwenye msosi. Sio kila plastiki inazo, lakini kopo lisilo na jina utajuaje?

Sasa kwenye mafuta ya mwili ndo kuna maajabu. Mwilini tuna seli shina, hizo bado hazijaamua ziwe nini, zinaweza kuwa mfupa, zinaweza kuwa mafuta. Mwaka 2006 Felix Grün na Bruce Blumberg wa chuo kikuu cha California huko Irvine walitoa utafiti wa tributiltini, kemikali nyingine inayoingilia homoni, ile iliyokua inawekwa kwenye rangi za meli ili chaza na wenzake wasing'ang'anie chini, wakakuta inawasha swichi ya seli inayoitwa PPAR gama na seli inaelekea kuwa ya mafuta, panya waliopewa wakiwa na mimba watoto wao walizaliwa na mafuta zaidi. Baadae seli shina za binadamu nazo zikafanya hivyo hivyo maabara. Kwenye meli ilishapigwa marufuku kimataifa tangu 2008.

Na seli za mafuta ukishakua mtu mzima idadi yake haibadiliki sana, ukikonda zinasinyaa tu, hazipungui. Kwaiyo mtu anaambiwa mlafi kumbe hesabu yake huenda ilianza kuandikwa tumboni, na hili linaniumiza sana kwa jinsi tunavyowasema wanene.

Jana wifi kanitumia meseji, mtoto kaenda na sufuria, muuzaji kamjazia hadi juu.