Kilo zinaingia, jumla haisogei: wiki ya tatu ya mizani ya viazi

Kwa mliokosa mwanzo: natengeneza ukurasa wa wavuti wa kupimia viazi kwa ajili ya mama mdogo. Ananunua viazi vya Umalila na kuvipakia Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka kutoka barabara kuu ya Tunduma. Anataka kila gunia lipimwe kwa kilo mbele ya mkulima, habari za lumbesa, gunia la kujazwa kupita mdomo wake, azisikie kwa wengine. Nami nataka hivyo hivyo. Nimekua nikiona watu wa kwetu wakilipwa gunia moja kwa viazi vya gunia na kilemba juu yake.

Hadi wiki iliyopita mambo yalikuwa shwari. Karani akiandika kilo, jumla na pesa ya mkulima zinajihesabu papo hapo, maana kwenye fomu kuna msikilizaji, yaani kipande cha msimbo kinachongoja tukio fulani, hapa `input`, la kisanduku kuandikwa. Jumamosi nikaunganisha mizani kwa waya wa USB na Chrome ikaanza kusoma namba. 86.4 ikatokea kwenye kisanduku cha kilo. Jumla ikabaki sifuri.

Nusu siku niliimaliza kwenye waya, na waya ulikuwa mzima. Mimi nilijifunzia kuandika programu kwa lugha ya Visual Basic 6 (VB), ile ya mwaka 1998. Humo ukiandika `Text1.Text = "86.4"` ndani ya msimbo, tukio la Change linaamka lenyewe, kana kwamba mtu ameandika kwa vidole. JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, haiko hivyo. `kilo.value = "86.4"` inabadilisha kilichomo, kisha kimya. Kivinjari huamsha `input` pale mtumiaji anapobadilisha mwenyewe. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Sasa nauheshimu uamuzi huo. Msikilizaji anayesahihisha namba ndani ya kisanduku kilekile angejiamsha tena na tena bila kukoma, na kwenye VB tulikuwa tunalizuia hilo kwa vigezo vya ndiyo na hapana kila mahali.

Basi nikaliamsha tukio mwenyewe kwa `dispatchEvent`. Bado sifuri! Hili lilinichukua jioni nzima, na baridi ya Juni mnaijua. Tukio ulilolitengeneza kwa mkono huishia pale pale ulipolipiga, halipandi kwenda kwa wazazi wa kisanduku, mpaka uliambie `bubbles: true`. La kivinjari hupanda lenyewe. Msikilizaji wangu yuko kwenye fomu, juu kabisa, kwa hiyo hakuwa anasikia lolote. Nikaongeza maneno hayo mawili na jumla ikasogea.

Kesho yake nikaufuta ule mstari wote. Kuigiza kwamba mtu ameandika, ili tu hesabu ifanyike, ni kuzunguka mlima wakati njia ipo. Hesabu nimeitoa ndani ya msikilizaji na kuipa jina, `hesabuGunia`. Karani akiandika, msikilizaji anaiita. Mizani ikileta namba, msimbo wa mizani unaiita. Kuamsha tukio kwa msimbo kunabaki pale ambapo wasikilizaji ni wengi na sehemu moja haiwajui wengine.

Kuna mahali ambapo hata kuigiza hakukubaliki. Nilitaka ukurasa ukifunguka ubonyeze wenyewe kitufe cha "Unganisha mizani" kwa `click()`. Kitufe kilibonyezeka, msikilizaji akaamka, ila Chrome ikakataa kufungua orodha ya vifaa. Ruhusa hiyo inataka kidole cha mtu. Tukio lolote lina alama ya `isTrusted`, na lililopigwa kwa `dispatchEvent` au `click()` hubeba `false`. Ni haki kabisa: sitaki ukurasa wowote uchukue kifaa changu bila kuniuliza. Dawa ni `getPorts`, inayorudisha mizani iliyokwisha kupewa ruhusa. Karani anabonyeza siku ya kwanza tu.

Kwenye kuhifadhi, jihadharini na `submit()` ya fomu. Inaituma fomu bila kuamsha tukio la `submit` na bila kukagua visanduku vilivyo wazi. Kwangu ukurasa ulijipakia upya na gunia la majaribio likapotea, kwa kuwa kazi ya kuhifadhi imo ndani ya msikilizaji ambaye hakuitwa. `requestSubmit()` inapita njia ileile anayopita karani.

Jana nilimwonyesha mama mdogo. Akapanda mizani mwenyewe, akatazama jumla ikigeuka, akasema, "Mwanangu, na mkulima ataionaje?" Kweli, kompyuta inamtazama karani peke yake. Nimeanza kutengeneza dirisha la pili lenye maandishi makubwa, ligeuzwe upande wa muuzaji, nalo litasikiliza kila gunia linalohifadhiwa. Hapo ndipo nitakapolirudisha tukio la kuamsha kwa mkono, safari hii nikilipa jina langu mwenyewe: `gunia-limepimwa`.