Ngumi zirudi kwanza kwenye ukumbi wa mtaa

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye jimu moja huku kwetu, na ukisikia jimu usifikirie vioo na viyoyozi, hii ni banda la mabati nyuma ya gereji, ulingo wenyewe ni turubai limetandikwa juu ya matairi na kamba za manila zimezungushwa kwenye nguzo nne, magunia ya kupiga yapo mawili tu na yamejazwa vipande vya vitambaa vya mafundi cherehani. Kwenye kona kuna dogo wa miaka 17 amekaa juu ya ndoo anafungwa bandeji. Kocha anamfunga taratibu, anazungusha kwenye kifundo, anapita katikati ya vidole, anarudi kwenye kifundo, anamwambia kunja ngumi, fungua, kunja tena, inabana? Dogo anasema haibani kocha. Bandeji zenyewe zimefuliwa mpaka zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Basi wakaingia na mwenzake wa mtaa wa pili, raundi tatu za dakika tatu tatu, sparing tu, yaani kupigana kwa mazoezi, na nawaambia ukweli mwaka huu sijaona ngumi tamu kama zile. Dogo anarusha jabu mbili, zile ngumi fupi za mkono wa mbele, anazama chini, anatokea pembeni na kumwachia moja ya mbavu, mwenzake anameza maumivu na kurudi mbele vilevile. Tuliotazama hatukufika 15, tena hapo nahesabu na mafundi wa gereji waliosimama na spana mkononi.

Nimerudi home nikawa nawaza hilo tu. Kila siku tunaulizana ngumi zitarudije kupendwa na kila mtu kama zamani, zikae kwenye midomo ya watu kama Simba na Yanga, na majibu yanayotoka ni yaleyale, aletwe mzungu mkubwa, iongezwe pesa, wasanii waimbe kabla ya pambano. Mi naona tunaangalia juu wakati mti umeoza kwenye mizizi.

Maana kiukweli watu hawajaacha kupenda ngumi. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham kwenye usiku wa ngumi wa bondia Mwingereza Amir Khan, akampiga Sam Eggington raundi ya pili tu, na asubuhi yake nchi nzima ilikuwa inajua jina lake, hata watu ambao hawajawahi kukaa wakatazama pambano moja mpaka mwisho. Afu akaja bondia mwenye maneno mengi, Karim Mandonga. Kuna wapenzi wa ngumi wanamnunia wanasema kashusha hadhi ya mchezo, mimi hapo siwaungi mkono hata kidogo. Julai 2022 alipigwa na Shaban Kaoneka kule Songea, na badala ya kupotea ndo kwanza akawa maarufu kuliko aliyempiga, Januari 2023 akaenda Nairobi akamshinda Mkenya Daniel Wanyonyi pale ukumbi wa KICC huku anatangaza ngumi yake inaitwa Sugunyo. Saluni za kina mama walikuwa wanaongelea ngumi, bodaboda kijiweni wanaongelea ngumi, babu yangu mmoja asiyejua hata raundi ni dakika ngapi aliniuliza "hivi Mandonga anapigana lini tena". Hayo si mambo madogo. Alichofanya Mandonga ni kwamba alijieleza, watu wakamjua ni nani, anatoka wapi, anaongeaje, anaogopa nini, kwa hiyo siku anapanda wana sababu ya kukaa mbele ya tivii.

Shida ni kwamba mchezo mzima ulimwegemea yeye. Mchezo hauwezi kuishi kwa mdomo wa mtu mmoja, akichoka au akipigwa mfululizo tunarudi kulekule.

Mjomba wangu ndo alinitia kwenye haya mambo, yeye ni wa enzi zile za kusikiliza ngumi kwenye redio, na hadithi zake zilianzia kwa Titus Simba, aliyeleta medali ya fedha kutoka Edinburgh mwaka 1970 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali alipigwa na John Conteh ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Afu anakuja kwa Michael Yombayomba, dhahabu Kuala Lumpur 1998, uzito wa bantam. Afu Rashid Matumla, Snake Man, hapo mjomba anasimama kabisa anakuonyesha jinsi Matumla alivyokuwa anatembea ulingoni. Francis Cheka wa Morogoro ni wa enzi zangu mimi, Agosti 2013 pale Diamond Jubilee alimshinda Mmarekani Phil Williams akachukua mkanda wa ubingwa wa WBF, moja ya mashirika ya ngumi duniani. Ukisikiliza vizuri hadithi za mjomba utagundua kitu, hataji mkanda hata siku moja. Anataja mtu na mahali anapotoka, na anamtaja na yule aliyekuwa mpinzani wake.

Na hapo ndo penyewe. Mikanda imekuwa mingi mpaka imepoteza maana. Duniani huko kuna mashirika makubwa manne, WBA, WBC, IBF na WBO, kila moja lina bingwa wake kila uzito, hapo bado hujaweka mikanda midogo ya bara, ya kimataifa, ya vijana. Uzito wa juu tangu Lennox Lewis mwaka 1999 hakuna aliyekuwa bingwa asiye na mpinzani, yaani anayetambulika peke yake, mpaka Oleksandr Usyk alipomshinda Tyson Fury kule Riyadh Mei 2024, robo karne nzima hiyo mtu wa kawaida ukimuuliza bingwa wa dunia ni nani hana jibu moja. Huku kwetu nako ni vilevile, kila bango la pambano lina mkanda, ukiuliza ni mkanda wa nini muuza tiketi mwenyewe anakutolea macho. Lakini waambie watu bondia wa Morogoro Twaha Kiduku anarudiana na Dulla Mbabe wa Dar, hakuna anayeuliza mkanda. Morogoro inasimama upande mmoja na Dar upande mwingine, basi, pambano limeshajiuza.

Sasa vitu kama vile huwezi kuvitengeneza kwa press conference ya wiki moja. Kiduku hakuanza na mabango, alianza na watu wa Morogoro wanaomjua. Nakuru kule Kenya wana ukumbi wanauita Madison Square Garden, jina la ukumbi maarufu wa New York hilo limekaa Nakuru, na mji huohuo ndo uliotoa Philip Waruinge, shaba ya Olimpiki Mexico 1968 na fedha Munich 1972, na Mexico ndo walimpa ile tuzo ya bondia mwenye ufundi kuliko wote. Ukumbi wa mji, klabu za mji, watoto wanachungulia dirishani wanawaona wakubwa wanaruka kamba, keshokutwa nao wapo ndani. Ndo utaratibu uleule uliokuja kuwapa Wakenya dhahabu ya Robert Wangila Seoul 1988.

Ninachotaka mimi ni kitu kidogo sana. Kila mtaa wenye jimu uwe na usiku wa ngumi mara moja kwa mwezi, tarehe ileile isiyobadilika, tuseme Ijumaa ya mwisho, ukumbi wowote wa watu mia mbili mia tatu, kiingilio elfu 3, mapambano sita, dogo wa hapa na dogo wa mtaa wa pili, bila mkanda wowote. Nyama choma iwepo, watoto waruhusiwe. Saa moja na nusu jioni ngumi ya kwanza, saa nne watu wapo nyumbani kwao.

Hilo la muda nalisisitiza kwa sababu linaua mchezo kuliko watu wanavyodhani. Kuna usiku mmoja nilimchukua wife kwa mara ya kwanza kwenye ngumi, tiketi imeandikwa saa kumi na mbili jioni, tukafika saa moja tukijua tumechelewa, ulingo ndo kwanza unafungwa kamba. Pambano la kwanza limeanza saa tatu, katikati ya kila pambano kuna hotuba, kuna msanii, kuna kutambulisha wageni, pambano kuu lenyewe saa nane kasoro usiku, na kabla halijaanza ikatangazwa mpinzani amebadilishwa, yule aliyekuwa kwenye bango hakufika kwa sababu hakumaliziwa pesa yake. Hakuna aliyeomba radhi na hela hazikurudi. Wife amelala begani kwangu, na mpaka leo nikimwambia twende ngumi ananiangalia tu. Huyo ni mtu mmoja aliyekuja na moyo mweupe na tumempoteza, na ukumbini pale walikuwepo wengi kama yeye.

Najua kuna mtu atasema mbona Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa saa kumi alfajiri, ni kweli, 30 Oktoba 1974 muda ulipangwa hivyo ili watu wa Marekani waone jioni yao, na uwanja ulijaa watu wanaimba Ali bomaye, yaani Ali muue. Lakini yule alikuwa Ali.

Kuhusu malipo sitaki kuandika mengi maana nitakasirika. Bondia alipwe kabla hajapanda, pesa ikae kwa kamisheni, promota asiye na pesa asipewe kibali. Kamisheni ya ngumi za kulipwa tunayo, TPBRC, na kibali ndo rungu lao, walitumie hapo.

Halafu kuna kina mama. Mtoto akikuambia anataka kucheza mpira unamnunulia viatu, akikuambia ngumi unamuuliza umekosa kazi? Na mama ana haki ya kuogopa. Wangila huyohuyo wa dhahabu alifariki Las Vegas mwaka 1994 baada ya pambano na David Gonzales, alikuwa na miaka 26. Mwaka 1982 alipofariki Mkorea Duk Koo Kim baada ya kupigana na Ray Mancini, WBC walipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 mpaka 12 na wengine wakafuata, yaani mchezo unaweza kubadilika ukiamua. Kwa hiyo kwenye ule ukumbi wangu wa watu mia mbili, kabla ya spika na taa za rangi, atafutwe daktari akae kando ya ulingo aonekane, na gari la wagonjwa lisimame nje mlango ukiwa wazi. Aliyepigwa KO, yaani aliyeangushwa akashindwa kuendelea, apumzishwe mwezi mzima au zaidi na iandikwe kwenye kitabu chake, asije kuonekana wiki mbili baadaye mkoa mwingine kwa jina jingine. Mama akiona hayo kwa macho yake hata yeye atakuja kutazama. Na mabinti nao watakuja, Fatuma Zarika alitoka Kenya akaenda Flint kule Michigan mwaka 2016 akachukua mkanda wa WBC kwa Alicia Ashley, kwa hiyo asiniambie mtu huu ni mchezo wa wanaume.

Ngumi za ridhaa, zile zisizo za kulipwa, ndo zimeachwa kabisa zimebaki kwa majeshi. Shuleni kwetu michezo ilikuwa mpira, netiboli, wavu na riadha, glovu nimeziona kwa mara ya kwanza nikiwa nimemaliza form four. Na bado Birmingham 2022 Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wameleta shaba mbili za Jumuiya ya Madola! Ukipita mtaani ukauliza majina hayo wangapi wanayajua? Mchezo wa ngumi umebaki kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, ilikuwa mashaka mpaka ikathibitishwa mwaka 2025, kwa hiyo dogo wa miaka 17 leo ana kitu cha kukimbilia. Azam wanaonyesha ngumi za kulipwa na wamefanya kazi kubwa, nawapongeza, ila ningetamani kamera moja tu, hata ya simu, iingie kwenye kumbi hizi ndogo mtu aliyepo Tandahimba amuone dogo akiwa na pambano lake la tatu, halafu la nne, halafu la tisa. Akifika pambano la ishirini anatangazwa Dar, yule wa Tandahimba anasema huyu namjua mimi, namfuatilia tangu anafungwa bandeji za rangi ya chai.

Dogo wangu wa Jumamosi ana pambano lake la kwanza mwisho wa mwezi, kocha na wenzake wamekodi ukumbi wa nyuma ya soko, wamechanga wenyewe, muuguzi wa zahanati ya jirani amekubali kukaa hapo na kocha anahangaika kupata gari la wagonjwa. Nilimsindikiza mpaka kwao, mama yake anauza vitumbua barazani, nikamwamkia, akaniuliza swali moja tu, huyo daktari atakuwepo kweli mwanangu? Nikamwambia nesi atakuwepo mama, gari mpaka jana lilikuwa halijapatikana. Hakusema kitu, akageuza vitumbua vyake. Leo asubuhi kocha kanipigia, gari limepatikana, nimekata tiketi tisa, na moja ni ya mama, kiti cha mbele upande wa kona ya bluu.