Baroni wa Velen na majuto yake
Wiki hii, hapa Nyegezi, mimi na mdogo wangu tumemaliza sehemu ya Baroni, mtawala wa nchi ya kubuni ya Velen, katika The Witcher 3, mchezo wa video uliotolewa mwaka 2015 na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, na bado tunabishana juu ya mtu huyo. Anamtaka Geralt, mwindaji wa mazimwi ambaye ndiye mhusika mkuu, amtafutie mkewe Anna na binti yake Tamara, ndipo amweleze yote anayoyajua kuhusu Ciri, binti wa kulea ambaye Geralt anamtafuta; lakini kidogo kidogo inabainika kwamba wawili hao walimkimbia yeye mwenyewe, mlevi aliyempiga mkewe hata mimba ikatoka. Mdogo wangu anasema mtu wa namna hiyo hastahili huruma. Mimi, nilipomwona amebeba mikononi kiumbe cha kutisha kilichotokana na mtoto aliyezikwa bila jina, akikiita Dea na kukikubali kuwa binti yake, niliamini kwamba anajuta kwa dhati, ingawa majuto hayafuti kipigo hata kimoja. Waandishi walituonyesha vita, pombe na wivu vilivyomharibu, kisha wakamwacha Tamara akatae kurudi nyumbani, na kwangu Tamara ana haki kamili.