Kanda mbili kwenye kikapu cha ukili

Mwezi uliopita mama mmoja alibisha hodi hapa nyumbani Kisauni, kikapu cha ukili mkononi. Juu maembe, chini ya maembe kanda mbili zimefungwa kwa leso kuukuu.

"Mwanangu, nimeambiwa wewe bado wafungua mikanda ya zamani. Hii ni video ya marehemu mama akiimba. Tumeitia kwenye deki ya jirani, yatoa chenga tupu."

Nikazigeuza mkononi. S-VHS za dakika 120. Ubavuni mwa moja pameandikwa "A ala", mwa nyingine "B sauti", na mwaka, 1999. Wino mwekundu, herufi zimelalia kushoto. Sikuhitaji kuuliza mwandiko ni wa nani. Ni wa Mzee aliyenifundisha kazi hii, na kanda hizo nilizibeba mimi mwenyewe kutoka dukani, nina miaka kumi na tisa, kazi yangu studio ni kukunja nyaya na kufuata mahamri.

"Mama, hii si video. Humu hamna picha, mna sauti tu. Sauti nane, kila moja na njia yake."

"Nane? Mama alikuwa na sauti moja."

Basi nikamkalisha, nikamtilia chai, nikamwonyesha mashine. Nyinyi pia niwaeleze, maana najua wengi mnaosoma hapa mmezaliwa kompyuta zikiwa tayari studio.

Inaitwa ADAT, ya kampuni ya Alesis ya Marekani. Waliitangaza mwaka 1991, ikaanza kuuzwa 1992 kwa dola 3,995. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka traki nyingi za kidijitali, yaani njia nyingi za sauti, kila moja peke yake, alihitaji pesa za kujengea nyumba. Ujanja wao ulikuwa kutumia kanda ya video ya kawaida ya S-VHS, wakaikimbiza mara tatu ya mwendo wa video, wakapata traki nane za biti 16. Ndiyo maana kanda ya dakika 120 hukupa kama dakika 40 tu za muziki. Ukitaka traki kumi na sita unaunga mashine mbili kwa kebo ya pini tisa. Ukiwa na uwezo unaunga mpaka mashine kumi na sita, traki 128. Sisi tulikuwa nazo mbili, za toleo la XT, na tulijiona wafalme.

Watu wengi walizitumia kama redio kaseti kubwa: rekodi, simamisha, rudisha. Mzee hakuwa hivyo. Kile kitabu cha maelekezo alikuwa nacho kwenye droo, kimechakaa kama msahafu wa chuoni, na kila vitufe viwili ambavyo ukivibonyeza pamoja hufanya jambo la tatu alivijua. Nitawatajia machache, hasa yaliyoingia katika kanda hizi mbili.

La kwanza ni pini. Hilo ni jina letu. Ni sehemu kumi unazoweza kuzihifadhi kwenye kumbukumbu ya mashine, ukibonyeza inakwenda yenyewe hapo. Mzee aliweka pini kila mwanzo wa ubeti na kila kiitikio, na pini mbili za kuingia na kutoka pale anapotaka kupanchi, yaani kurekodi kipande tu juu ya kilichopo. Halafu kulikuwa na kitufe tulichokiita mazoezi. Ukikiwasha, mashine hufanya kila kitu kama inarekodi: inafika pini ya kuingia, inakusikilizisha mwimbaji wa sasa badala ya wa zamani, inafika pini ya kutoka, inarudi. Lakini haiandiki kitu kwenye kanda. Mwimbaji anajaribu mara tano, mara sita, mpaka atulie. Kisha unazima mazoezi na unarekodi kweli. Kwenye kanda hakuna kutengua. Kilichofutwa kimekwenda.

Nalijua hilo vizuri kuliko ninavyopenda. Siku moja Mzee alitoka kuswali Alasiri akaniachia nimsaidie mpiga udi kufanya mazoezi ya kipande kimoja. Nilikuwa na hakika kitufe cha mazoezi kimewaka. Hakikuwaka. Na taa ya kurekodi iliyokuwa imewaka haikuwa ya traki ya udi, ilikuwa ya dumbak, ile ngoma ya mkono. Pigo tatu za dumbak zikatoweka katikati ya ubeti wa pili, na mahali pake kimya cheusi. Mpiga dumbak alikuwa ameshasafiri kwenda Lamu.

Mzee alirudi, akasikiliza, akanitazama, hakusema neno. Akavuta kiti. Nilichokiona katika saa mbili zilizofuata ndicho kilichonifanya nibaki kwenye kazi hii.

Alitia kanda tupu kwenye mashine ya pili. Ilikuwa imeshaandaliwa, maana kanda ya ADAT ni vyema kwanza ipitishwe yote ikiandikwa alama za wakati, dakika arubaini za kungoja, na yeye kila Ijumaa usiku aliandaa mbili tatu za akiba. Akaunga kebo ya mwanga, ile nyembamba inayopitisha traki zote nane kwa mwali mmoja, akanakili dumbak nzima kwenda mashine ya pili. Nakala ya kidijitali, haipungui kitu. Kisha akaiambia mashine ya pili isifuate ya kwanza sawasawa, bali itangulie kwa tofauti maalumu ya wakati, ili ubeti wa nne wa mashine ya pili uangukie juu ya ubeti wa pili wa mashine ya kwanza. Akarekodi zile pigo tatu tu kurudi kwenye kanda A.

Kazi haikuishia hapo, maana hawa walikuwa wanamuziki wa taarab, si saa ya ukutani. Ubeti wa nne ulikuwa umechangamka kidogo kuliko wa pili. Akarekebisha ile tofauti kidogo kidogo, kila mara kwa mazoezi, mpaka mguu wake ulipoacha kusita. Na pale kipande kipya kinapokutana na cha zamani, mashine hupishanisha sauti mbili, moja ikififia nyingine ikiingia. Unachagua urefu: milisekunde 10.67, 21.33, 32 au 42.67. Kwa udi na sauti ya mtu alikuwa akiweka ndefu, isikike kama pumzi moja. Kwa dumbak aliweka fupi kabisa, kwa sababu ngoma ukiipishanisha taratibu inapoteza ukali wa kiganja.

Kuna pia uwezo wa kuichelewesha traki moja peke yake, mpaka milisekunde 170. Kuchelewesha tu, haiwezi kuwahisha. Mpiga kodian wetu alizoea kuingia nyuma ya wenzake, na Mzee, badala ya kumvuta mbele, aliwachelewesha wengine wote kumngoja. "Mtu mzima hakimbizwi," alisema.

Basi, turudi kwenye kikapu.

Kanda A ilikuwa nzima. Kanda B ilikuwa na ukungu, ule unga mweupe pembeni mwa mkanda ambao kila mkaazi wa pwani anaujua kutoka kwenye viatu vya ngozi. Ukungu usiutie kamwe kwenye mashine. Utauhamishia kwenye kichwa kinachozunguka, na kichwa kitauhamishia kwenye kanda ya mwenzio. Nilivaa barakoa, nikafungua skrubu tano za ganda, nikaukausha mkanda siku kadhaa kwenye ndoo yenye vifuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, nikaufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, nikauhamishia kwenye ganda jipya. Hii ndiyo kazi kubwa, na haina ladha ya kusimulia.

Nilipoutia kwenye mashine nikawa natazama alama moja ndogo kwenye kioo. Ikiwaka, maana yake mashine imeshindwa kusoma sehemu fulani na inakisia kilichopotea. Ikimulika mara moja moja, si neno. Ikiganda, simamisha. Ilimulika mara kadhaa mwanzoni mwa wimbo, kisha ikatulia. Nikashukuru Mungu, nikapitisha traki nane kwa kebo ya mwanga kwenda kwenye kompyuta. Tundu lile lile la mwanga bado linatengenezwa kwenye vifaa vya leo, na bado watu wanaliita ADAT bila kujua ni jina la mashine marehemu.

Mashine ninayo moja tu siku hizi, kwa hiyo nilihamisha A peke yake, kisha B peke yake, nikazipanga kwenye kompyuta. Hazikwenda kombo hata kidogo toka mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu siku ya kurekodiwa mashine mbili zilikuwa zimeungwa pamoja, zikifuata mapigo ya saa ile ile ya ndani. Ilinibidi kutafuta mahali pamoja tu pa kuanzia. Mzee alikuwa amenirahisishia: traki ya nane ya kanda B aliweka muziki wote wa kanda A umechanganywa, wa kumwongoza mwimbaji. Nikazilinganisha kwa pigo la kwanza la dumbak. Basi.

Kilichonishangaza kilikuwa kwenye karatasi. Ndani ya kasha la kanda B mlikuwa na karatasi ya traki, imekunjwa mara nne. Traki ya kwanza: "Bibi, −100". Bibi ndiye yule marehemu mwimbaji.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Siku ya kurekodi sauti sikuwepo chumbani, nilitumwa mjini. Lakini nilijua maana yake. Mashine hii ina uwezo wa kubadili mwendo, na ukibadili mwendo unabadili mwinuko wa sauti. Unahesabiwa kwa senti. Senti 100 ni nusu toni. Bibi alikuwa ametoka kuugua kifua na kile kiitikio cha juu hakukifikia, na muziki ulikuwa umesharekodiwa. Kodian huwezi kuiambia ishuke. Basi Mzee akaushusha mwendo wa mashine zote mbili kwa nusu toni, muziki ukawa mzito na wa taratibu kidogo, Bibi akaimba pale anapofikia. Kisha akarudisha mwendo wake wa kawaida. Muziki ukarudi ulivyokuwa, na sauti ya Bibi ikapanda nusu toni pamoja nao. Ikawa nyepesi, ikapungua umri. Kaseti zikauzwa hivyo, na mji mzima uliipenda sauti hiyo.

Yule mama aliporudi kusikiliza, nilimwekea kwanza wimbo mzima. Alitikisa kichwa kwa furaha, akaimba naye. Mwishoni akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Kwenye kaseti siku zote mama alikuwa kama msichana. Nyumbani hakuwa hivi."

Sikujua kama niseme. Nikasema. Nikamwonyesha karatasi. Akauliza, "Kwa hivyo ile ya kweli imepotea?"

Haikupotea. Nikanyamazisha traki nyingine zote, nikashusha mwendo senti 100, nikabonyeza. Akatoka mwanamke mtu mzima, sauti nzito, ina vumbi kidogo chini yake, na pumzi ndefu kabla ya kila mstari.

Mama yule akaweka kikombe chini. "Huyu ndiye."

Alitaka nakala mbili: wimbo kama mji unavyoujua, na sauti ile peke yake. Hapa nilipoteza jioni nzima, nawaambia msije mkapoteza yenu. Nikashusha mwendo, nikahamisha kwa kebo ya mwanga, nikafungua kwenye kompyuta: msichana yule yule! Kebo ya mwanga hupitisha hesabu tupu. Mashine ikitembea taratibu, kompyuta iliyofungwa kwenye saa yake nayo inatembea taratibu, kisha ukicheza faili kwa kasi yake ya kawaida ya kilohezi 48 kila kitu kinarudi juu kama hukugusa kitu. Ama uitangazie faili kuwa ni ya kama kilohezi 45.3, ama utumie nyaya za kawaida za analogi. Nilitumia nyaya. Kompyuta ikasikia kama sikio linavyosikia.

Mwisho wa traki, muziki umeshakwisha, Mzee alikuwa ameiacha mashine iendelee kidogo. Bibi anakohoa, kisha anasema, "Haya, nipeni maji, koo yaniwasha." Kwenye kaseti kipande hicho hakikuwemo. Binti yake aliniambia nirudishe. Nikaweka pini hapo ili nisihangaike kutafuta, na nikairudisha kila aliponiomba, mpaka adhana ya Magharibi.

Alipoondoka aliniachia maembe. Kuhusu pigo tatu za dumbak kwenye ubeti wa pili, sikumwambia. Nimezisikiliza kwa spika kubwa na kwa hedifoni, na najua dakika na sekunde zilipo, na bado sizisikii.