Kumbe ile tv ya chogo ilikuwa akselereta

Akselereta ni mashine ya kuzipa kasi chembe ndogo kuliko atomi, kama protoni na elektroni, na mi nilikuwa naamini sumaku ndo zinazisukuma. Kila picha ya ile mashine kubwa ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, inaonyesha masumaku ya bluu yamepangwa kwenye handaki, sasa ungefikiri nini? Kumbe sumaku kazi yake kukunja njia tu, haiongezi chochote, anayesukuma ni umeme. Protoni ina chaji, ukiiwekea volti inakimbia, basi.

Na hiyo umeishi nayo sebuleni bila kujua. Zile tv za chogo, kule nyuma kulikuwa na elektroni zinafyatuliwa kwa volti kama 20,000 hadi zigonge kioo, na kwa volti hizo elektroni inapita robo ya kasi ya mwanga. Ndani ya tv jamani!

Sasa kwa nini usiweke tu volti mabilioni yaishe? Kwa sababu zinaruka cheche, hakuna kitu kinachozihimili. Hapo ndo akili ya mwanafizikia Mmarekani Ernest Lawrence inanifurahisha, mwaka 1931 alikuwa na kidude kinachoenea kiganjani, akazungusha chembe kwa sumaku ili zipite palepale pa kusukumwa tena na tena, na kwa volti zisizofika 2,000 akazipa nguvu kama vile zimepitishwa kwenye volti 80,000. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, huhitaji misuli, unahitaji kusukuma wakati uleule anaporudi, ukikosea unamsimamisha. Mpaka leo ujanja ni huohuo.

Ile ya CERN, LHC, iko chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, duara la kilomita 27, na protoni inalizunguka mara 11,245 kwa sekunde moja. Kuzipandisha hadi nguvu ya juu kabisa inachukua kama dakika 20, piga hesabu mwenyewe, ni mizunguko zaidi ya milioni 13, kila mzunguko kasukumo kadogo tu. Na hapa jina lenyewe akselereta, yaani kiongeza kasi, linadanganya kidogo, maana protoni zikiingia humo tayari zina zaidi ya asilimia 99.999 ya kasi ya mwanga, kasi ya kuongeza haipo tena, kinachoongezeka ni nguvu, na kadiri nguvu inavyopanda ndivyo zinavyokuwa ngumu kukunja, ndo maana zile sumaku 1,232 za kukunja zinapozwa mpaka nyuzi -271, baridi kuliko anga za mbali, ili umeme upite bila kizuizi chochote. Alafu mwaka 2016 mnyama mdogo wa jamii ya kicheche akaingia kwenye transfoma ya nje, mtambo wote ukazimika. Maskini hakupona.

Protoni zikigongana, ile nguvu inageuka kuwa chembe mpya ambazo hazikuwepo, na ndivyo ilivyopatikana chembe ya Higgs, ile inayohusika na chembe nyingine kuwa na uzito, ikatangazwa tarehe 4 Julai 2012. Wengi wanaishia hapo, mi naona utamu uko kwingine.

Elektroni ukiikunja inatoa mwanga. Wataalamu waliuchukia huo mwanga kwa sababu unakula nguvu waliyohangaika kuiweka, ni hasara tupu. Leo kuna mitambo inajengwa kwa ajili ya hiyo hasara tu, SESAME ya Jordan mmojawapo, maana huo mwanga unakuwa na eksirei kali mno, unaona atomi zilivyojipanga ndani ya protini, na watengeneza dawa wanapanga foleni kuitumia. Na kuna kitabu cha ngozi chenye maandishi ya Archimedes, yule mwanahisabati Mgiriki wa kale, karne ya 13 mtu aliyafuta akaandika sala juu yake, wakakipeleka kwenye mtambo wa Stanford, eksirei zikaamsha chembechembe za chuma zilizobaki kwenye wino wa zamani, na maneno yaliyofutwa yakaanza kusomeka mstari kwa mstari kwenye kompyuta.