Kumbe tumbaku nayo ina mota ndani

Leo maabara hapa Tabora tumekata ncha za mizizi ya kitunguu tukapaka rangi, ukiangalia kwenye hadubini unaona seli zinagawanyika, kromosomu (vile viuzi vinavyobeba jeni) zimejipanga katikati, nyingine zishaanza kuachana, darasa zima kelele. Dogo mmoja wa form six akauliza, sasa ticha nani anazisukuma? Swali tamu hilo! Nikamwambia kuna protini mota zinaitwa kinesini, zinatembea juu ya mikrotubuli, vijibomba vyembamba ndani ya seli, kwa kutumia ATP, yaani nishati ya seli, kama wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo njia ya Ujiji. Mimea inayotoa maua haina daineini, mota nyingine waliyonayo wanyama, kwa hiyo kinesini ndo zimebeba kazi, kale kammea ka Arabidopsis peke yake kana jeni 61 za kinesini jamani.

Halafu seli ya mmea ikigawanyika haijibani katikati, inajenga ukuta kuanzia kati kwenda pembeni kwenye kiunzi cha mikrotubuli kinaitwa fragmoplasti. Kilichonikosha zaidi ni kinesini ya NACK1, watafiti wa Japani waliieleza 2002 kwenye seli za tumbaku, spishi ileile inayolimwa Urambo, kinesini hiyo ikigoma ukuta haumaliziki, seli moja inabaki na viini viwili au zaidi. Kesho tunaendelea na vitunguu vilivyobaki, kama wa bweni hawajavikaangia mayai.